Mzee Eli na Karatasi za Vyuo Viwili

Mjukuu wangu aliniuliza usiku, umeme ukiwa umekatika na taa ndogo ya sola ikituangazia mezani. Mbele yake palikuwa na karatasi za vyuo viwili, na kote kuwili alikuwa amepata nafasi. Kimoja ni cha uuguzi, kule kwenye hospitali ya Kilutheri ya Machame. Kingine ni Chuo Kikuu cha Ushirika, Moshi mjini, ambacho sisi wa rika langu tunakiita Chuo cha Ushirika tu, kama kilivyokuwa kilipoanza mwaka 1963. Karatasi zile alikuwa amezisoma hadi pembe zimechakaa. Akanitazama, akasema, "Bibi, wewe unaamka kila alfajiri kuomba. Hebu niambie basi. Mungu anataka niende wapi?"

Nikainuka, nikaenda jikoni kuangalia maziwa ambayo nilijua hayajachemka.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na ni mzee wa kanisa katika usharika wetu hapa Sanya Juu, wilayani Siha. Mtu angetegemea swali kama hilo lisinishinde. Na kweli halikunishinda. Jibu lilikuwa limeshafika mdomoni kabla mtoto hajamaliza kusema: Machame. Ndiyo maana nikakimbilia jikoni. Jibu linalokuja upesi namna hiyo, tena kwa jina la Mungu, nimeshalitoa mara moja maishani mwangu, na aliyelipa gharama yake hakuwa mimi.

Aliyelipa ni binti yangu, mama yake huyu msichana. Mwaka 2000, alipomaliza kidato cha nne, alitaka kusomea umeme. Umeme wa majumbani, nyaya na mita, kazi ambayo wakati ule hapa kwetu sikuwahi kumwona mwanamke akiifanya. Mimi nilitaka awe mwalimu kama mimi. Tulibishana wiki mbili. Hoja ziliponiishia, asubuhi moja nilimwita, nikamwambia kwamba nimeomba na Mungu amenionyesha: ni ualimu. Hakubisha tena. Alikwenda chuo kimoja cha ualimu, akamaliza, akafundisha miaka mitatu, akaacha. Sasa anauza mitumba Arusha, na biashara inamlisha yeye na watoto wake. Lakini siku moja, miaka mingi baadaye, tulikuwa uani tunachambua maharage, akaniuliza bila kuinua kichwa, "Mama, siku ile ningekataa, ningekuwa nimekukataa wewe au nimemkataa Mungu?"

Tuliendelea kuchambua maharage. Sikuweza kusema kitu, maana ukweli ni kwamba Mungu hakunionyesha chochote. Niliomba, ndiyo. Nilipiga magoti. Nikainuka na lile lile nililopiga nalo magoti.

Katika Katekisimo Ndogo ya Martin Luther, ya mwaka 1529, amri ya pili ni ile ya kutolitaja bure jina la Bwana. Kwa miaka yote niliyokaa na watoto wa kipaimara nilikuwa nawaambia kwamba amri hiyo inakataza kuapa ovyo na kulaani watu. Luther mwenyewe, anapoieleza, anataja pia kusema uongo na kudanganya kwa jina hilo. Sehemu hiyo nilikuwa naipita haraka. Nadhani wazazi wengi tunaipita haraka, kwa sababu tunaamini kwamba tukimtakia mtoto mema, hata jina la Mungu tunaweza kuliazima kidogo.

Tazama linalotokea. Mzazi akisema "mimi nataka," mtoto ana mahali pa kusimama. Anaweza kubisha, kununa, kumwita shangazi au baba mkubwa aje amtetee, na mwisho akakubali au asikubali. Mzazi akisema "Mungu anataka," mahali pale panaondolewa chini ya miguu yake. Hapo mtoto atatii na kunyamaza, kama alivyofanya binti yangu, ama ataondoka nyumbani na kanisani kwa mpigo mmoja. Nimewaona vijana wa aina zote mbili katika usharika wetu, na wale wa pili tunawaombea kila Jumapili bila kujiuliza nani aliyewafungisha mizigo.

Nisijifanye kwamba ni jambo jepesi, maana sisi tunaowashauri hawa watoto wengi wetu hatukuwahi kuchagua. Mimi sikuchagua chuo. Serikali ilipoanza mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote, UPE, mwaka 1977, ilihitaji walimu wengi kwa haraka, na sisi tuliomaliza darasa la saba tukachukuliwa tufundishwe kazi huku tukiifanya. Barua yangu ilipofika, baba alisema neno moja, "Nenda." Nikaenda, na namshukuru Mungu niliipenda kazi ile. Nyuma ya hapo, kwa sisi Wachagga, mambo yalikuwa yamepangwa hata zaidi. Kitinda mimba wa kiume alibaki na wazazi na kurithi kihamba chao, yaani shamba la nyumbani, mkubwa alikuwa na fungu lake, wa katikati walijitafutia. Mtoto wa kike hakuwamo kabisa katika hesabu ile. Kihamba chake kilikuwa kwa mume. Kwa hiyo msichana wa Siha kukaa mbele ya karatasi mbili na kuulizwa yeye anataka nini, ni jambo jipya kuliko tunavyodhani, na hatuna desturi ya zamani ya kutuonyesha namna ya kumsaidia. Inabidi tuitengeneze.

Safari hii, isitoshe, aliyetaka neno kutoka mbinguni alikuwa mtoto mwenyewe. Mimi sikumlazimisha kitu. Nilimwelewa. Alikuwa anaogopa. Alipata daraja la tatu, hakupangiwa kidato cha tano, na zile D za Fizikia, Kemia na Biolojia zinazotakiwa kwa uuguzi alizipata kwa jasho. Ada itatoka kwenye mitumba ya mama yake na pensheni yangu, na hakuna ya kulipa mara mbili. Mtoto wa miaka kumi na minane akiona hayo yote yamesimama juu ya neno lake moja, atatafuta mtu wa kumbebea. Na nani mwenye mabega mapana kuliko Mungu?

Watu wanaotafuta ishara hupenda kumtaja Gideoni na ngozi yake ya kondoo. Alimwomba Mungu umande uanguke juu ya ngozi peke yake na ardhi ibaki kavu, ikawa hivyo. Usiku wa pili akaomba kinyume chake. Ikawa hivyo pia. Nimesikia mahubiri yakilitumia fungu hili kuwafundisha vijana "kuweka ngozi" mbele za Mungu: akinipigia simu leo basi ndiye mume wangu, barua ikija kabla ya Ijumaa basi ndicho chuo. Lakini soma sura yote ya 6 ya Waamuzi tangu mwanzo. Gideoni alikuwa ameshaambiwa la kufanya. Alilijua wazi, mchana kweupe, kabla ya ngozi na umande. Alichokosa ni ujasiri, na Mungu kwa huruma yake alimvumilia. Ngozi ile haikumchagulia njia.

Luther mwenyewe aliwahi kupata ishara. Mwaka 1505 alikuwa kijana wa miaka ishirini na mmoja, amepelekwa na baba yake, Hans, kusoma sheria kule Erfurt. Siku moja mwezi Julai, akirudi chuoni kwa miguu, radi ilipiga karibu naye, jirani na kijiji cha Stotternheim. Kwa hofu ya kifo akaweka nadhiri kwa Mtakatifu Anna kwamba atakuwa mtawa, na hazikupita wiki tatu akawa ndani ya monasteri. Baba yake alikasirika sana. Alipokuja kwenye misa ya kwanza ya mwanawe, mwaka 1507, alimuuliza swali ambalo Luther hakulisahau: una hakika gani kwamba radi ile haikuwa udanganyifu? Mwaka 1521 Luther alimwandikia baba yake barua ndefu, akakiri kwamba nadhiri ile, iliyotolewa kwa hofu na bila ridhaa ya mzazi, haikuwa na thamani.

Mzazi anayependa kuamuru anaweza kuifurahia barua hiyo. Asome hadi mwisho. Luther anamwambia baba yake vilevile kwamba aliyemtoa katika kifungo cha nadhiri ni Mungu, baba asijisifu kuwa ni yeye. Radi haikuwa mwenye kauli ya mwisho juu ya kijana yule, na mzee Hans hakuwa pia. Mimi ni Mlutheri tangu kuzaliwa, na niligundua hili nikiwa na mvi.

Hata kupiga kura kumejaribiwa. Mitume walimpata Mathiya kwa kura, katika sura ya kwanza ya Matendo. Sura ya pili Roho Mtakatifu anashuka, na baada ya hapo sioni tena katika kitabu kile mtumishi akichaguliwa kwa kura. Wale saba wa sura ya 6 walichaguliwa na watu waliokaa, wakatazamana, wakajuana nani ana sifa njema. Wamoravian, waliofika Rungwe mwaka 1891, walikuwa na mababu huko Ulaya waliopiga kura hata kuamua nani amwoe nani, nao walikuwa watu wacha Mungu kweli kweli. Waliiacha desturi hiyo kidogo kidogo katika karne ya 19. Naamini waliona ninachokiona: mtu anayejiondoa kabisa katika uamuzi wake, kesho hana cha kumjibu yule ambaye uamuzi huo umemwumiza.

Nina jirani Mwislamu, muuza maharage sokoni. Tumeuguza pamoja, tumezika pamoja. Kesho yake nilimweleza habari ya mtoto, naye akaniambia juu ya istikhara. Nilikuwa nimeisikia, lakini nilidhani ni kuomba ndoto. Akatikisa kichwa. Akasema kwanza unataka ushauri kwa wanaojua, unaipima akili yako, unaazimia jambo. Kisha unaswali rakaa mbili zisizo za faradhi na kuomba dua ambayo, kwa Hadithi iliyopokewa na Jabir bin Abdillahi, Mtume aliwafundisha masahaba zake kwa uangalifu kama alivyowafundisha sura ya Kurani. Katika dua hiyo mtu hasemi "nionyeshe." Anasema kwa maana hii: kama jambo hili lina heri nami katika dini yangu na maisha yangu na mwisho wangu, nilirahisishie; kama lina shari, liepushe nami na uniepushe nalo, unikadirie heri popote ilipo. "Ukimaliza," jirani yangu akasema akipima maharage kwenye kopo, "unafunga mzigo wako unaondoka. Hulali ukingoja ndoto."

Nilirudi nyumbani nikiwa nimefundishwa.

Sasa, sitaki mtu aseme kwamba mwanamke huyu haamini Mungu huita. Naamini. Samweli aliitwa kwa jina lake, usiku, hekaluni. Lakini katika habari ile, siku hizi simtazami Samweli. Namtazama Eli. Mzee, macho yamefifia, anaamshwa usiku na mtoto anayesema "umeniita." Mara mbili anamrudisha akalale. Mara ya tatu anatambua. Angeweza kusema mengi hapo. Yeye ndiye kuhani, ndiye mwenye nyumba, ndiye anayeijua sauti ya Mungu kwa uzoefu wa miaka. Angeweza kumwambia mtoto Bwana atakachosema. Angeweza kujikokota akalale karibu naye asikilize. Anachofanya ni kumfundisha mtoto namna ya kuitika, halafu anambakiza peke yake gizani na Mungu wake. Na ujumbe uliokuja ulikuwa dhidi ya nyumba ya Eli mwenyewe. Asubuhi anauliza, mtoto kwa hofu anamweleza yote, na mzee anaupokea.

Hiyo ndiyo kazi yetu sisi wazee kwa watoto wanaochagua. Kumfundisha mtoto kuitika, kumwacha aitike, na kulipokea jibu hata likiwa kinyume chetu. Kwa nafsi yangu, sehemu ya tatu ndiyo iliyonitoa machozi.

Basi usiku wa pili tulikaa tena mezani. Nikamwambia, "Mama yangu, jana uliniuliza Mungu anataka uende wapi. Sijui. Sikuonyeshwa. Ninachoweza kukuambia ni mimi ninataka nini, na kwa nini, halafu ukipime kama neno la bibi yako tu." Nikamwambia nataka Machame. Nikamsimulia habari ya baba yangu.

Katikati ya miaka ya 1960 baba yangu alilazwa Kibong'oto kwa kifua kikuu. Hospitali ile ipo hapa hapa Siha, ilianzishwa mwaka 1926, na hadi leo wagonjwa wa kifua kikuu sugu wanaletwa huko kutoka mbali. Matibabu ya wakati ule yalichukua mwaka na zaidi. Sisi watoto tulikuwa hatuingii. Mama alitupeleka Jumapili, tukasimama nje, na muuguzi mmoja mwanamke alikuwa anamshika baba mkono, anamtoa taratibu hadi barazani ili tumwone kwa mbali. Alimshikilia mgongo ili asionekane anayumba. Nilijua anamshikilia, na nilijua anafanya hivyo kwa ajili yetu. Jina lake sikulijua kamwe. Baba alipona, akaishi hadi akawaona wajukuu.

Nilipomaliza kusimulia nikajisikia mwenyewe nilichosema. Lile jibu langu la haraka, Machame, lilikuwa deni. Nilitaka mjukuu wangu amlipe yule muuguzi kwa niaba yangu. Ni deni la heshima, lakini ni langu.

Na ishara nilikuwa nimeziona pia, nisifiche. Mwezi mmoja kabla nilijikata mguu na jembe nikipalilia. Mtoto huyu alinisafisha kidonda kila jioni kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa, akipapasa pembeni taratibu kuona kama pamevimba, wala uso haukukunjamana. Nikasema moyoni, hii mikono ni ya muuguzi, Mungu amesema. Wiki hiyo hiyo alinisindikiza kwenye kikoba chetu cha akina mama, tunapokutana Alhamisi na lile sanduku la kufuli tatu. Akaomba kutazama daftari. Akakaa nalo kwenye benchi, kidole kikishuka mstari kwa mstari, midomo ikitikisika. Baada ya robo saa akaniita pembeni. Hisa za mjane mmoja zilikuwa zimeandikwa pungufu tangu mwaka uliotangulia. Kila mwezi jumla ilihamishwa ukurasa mwingine bila zile alizonunua mwisho. Hakuna aliyeiba, ni mkono uliochoka. Lakini mjane yule alikuwa amepewa mgawo mdogo na akashukuru. Tukarekebisha siku ile ile. Kwa hiyo ishara zilikuwa mbili, nami nilikuwa nimeihesabu moja, ile niliyoipenda.

Tulikwenda kuviona vyuo vyote viwili. Hilo nalisisitiza kwa kila mzazi: usimchagulishe mtoto kwa karatasi na picha za simu. Kwanza tulihakikisha kwamba kozi zimesajiliwa na baraza la NACTVET, maana kuna watoto waliomaliza kulipa ada ndipo wakajua kwamba kozi zao hazijasajiliwa. Kisha tukapanda gari kupitia Boma Ng'ombe, tukashuka njia panda ya Machame, tukapanda jingine kupandisha kati ya migomba na kahawa, hadi huko ambako wamisionari wa Leipzig walifika mwaka 1893. Nilikaa kwenye benchi chini ya mti, nikamwacha aende mwenyewe. Alizungumza na msichana wa mwaka wa pili aliyetoka zamu ya usiku. Nilimwona akiuliza, akisikiliza, akiuliza tena. Sikusogea. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kupalilia.

Wiki iliyofuata tukaenda Moshi. Pale Chuo cha Ushirika nilikumbuka mambo mengine. Babu yangu alikuwa mkulima wa kahawa, mwanachama wa chama cha ushirika cha KNCU. Wakulima wa mlima huu wa Kilimanjaro waliunda chama chao cha kwanza, KNPA, mwaka 1925, na KNCU yenyewe ikaja mwaka 1933. Watu ambao wengi wao walikuwa wamesoma miaka michache tu walijifunza kushika mizani yao na vitabu vyao ili wauze kahawa yao wenyewe. Babu hakujua kusoma, lakini alikuwa anatunza stakabadhi zake zote ndani ya kopo la bati, na jioni anamwita mtu amsomee. Niliwahi kudhani ni ubahili. Alikuwa anajua kwamba jasho la mwaka mzima linaweza kupotelea kwenye tarakimu moja.

Katika daladala la kurudi mtoto alikaa dirishani. Tulipopita Boma Ng'ombe, vumbi likipiga kioo na Kibo ikiwa imefunikwa na mawingu, akasema, "Bibi, nimechagua Ushirika."

Nikamuuliza kwa nini. Sauti yangu haikuwa imara, naye aliisikia.

"Bibi, kidonda chako nilikiona kwa sababu kilikuwa kinatoka damu. Kila mtu angekiona. Yule mama wa kikoba aliibiwa na daftari mwaka mzima na hakutoka damu. Hata yeye hakujua. Mimi niliona." Akanyamaza kidogo. "Yule dada wa Machame aliniambia akiingia wodini anasahau njaa. Nilimwonea wivu. Halafu nikakumbuka na mimi huwa nasahau njaa, lakini ni nikiwa na daftari."

Luther alifundisha kwamba fundi viatu na mama anayelea mtoto wana wito mbele za Mungu kama alivyo nao padri, kwa sababu kila mmoja amewekwa karibu na jirani anayemhitaji. Nimelisema hilo mara nyingi mbele za watu. Kwenye kiti kile cha daladala ndipo nililisikia kutoka kwa mtoto ambaye hakuwa amelisoma popote. Alikuwa amemwona jirani yake. Kwamba jirani huyo si yule niliyemwona mimi mwaka wa 1960 na kitu nje ya Kibong'oto, hilo si kosa lake, na kama baadaye ataona alikosea, mlango wa nyumba hii uko pale pale, na Mungu wa Machame ndiye Mungu wa Moshi.

Nililia usiku ule, peke yangu. Lile deni langu nimebaki nalo, na sasa najua nilipe vipi: Jumapili za mwisho wa mwezi, baada ya ibada, nakwenda Kibong'oto kuwatazama wagonjwa ambao ndugu zao wako mbali. Miguu bado ipo. Na nilimpigia binti yangu Arusha. Nilimwambia nililopaswa kumwambia siku ile ya maharage, kwamba mwaka 2000, hata angekataa, hangekuwa amemkataa Mungu, maana aliyesema nilikuwa mimi. Alikaa kimya muda mrefu kwenye simu. Kisha akasema, "Asante, Mama."

Asubuhi yake mjukuu wangu aliijaza fomu ya Ushirika kwa mkono wake, na mahali pa sahihi ya mlezi nikatia yangu. Kisha akapiga simu Machame, akawasalimu, akawaambia kwa adabu kwamba hatafika, ili nafasi ile apewe mwenzake anayeingoja.